Nusu Nanomita, Kisha Basi

Elektroni yenye nishati ya elektronivolti 100 hukimbia karibu kilomita 6,000 kwa sekunde. Ukiiachia ndani ya kipande cha shaba, haimalizi hata matabaka matatu ya atomi kabla ya kugongana na kitu kitakachoinyang'anya sehemu ya nishati yake. Kwa wastani itakuwa imekwenda nusu nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwendo wote huo unachukua chini ya atosekunde 100. Ndani ya sekunde moja mna atosekunde bilioni mara bilioni.

Hiyo nusu nanomita imewashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya nusu karne na bado hawajamalizana nayo. Mambo mengi yameegemea juu yake: uchunguzi wa kutu kwenye metali, utengenezaji wa chipu za simu, hata uelewa wetu wa namna mionzi inavyoua seli ya saratani. Lakini ipo sababu nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kwa miaka mingi watu walikuwa na jibu lililokuwa rahisi mno. Mstari mmoja uliopinda, umechorwa kwenye karatasi moja, ulisemekana kutosha kwa karibu kila kitu kigumu duniani.

Tuanze na kinachopimwa. Wanafizikia wanakiita umbali huru wa wastani: mwendo ambao elektroni huenda kabla ya kupoteza nishati kwa mgongano. Neno wastani lichukuliwe kwa uzito. Elektroni nyingine hugongwa kwenye atomi ya kwanza, nyingine huponyoka mbali zaidi. Zikianza safari elektroni 100 pamoja, baada ya umbali huru mmoja zitabaki kama 37 ambazo hazijaguswa. Baada ya umbali wa mara mbili, 13 au 14. Baada ya mara tatu, tano tu. Zile nyingine hazikufa. Zinaendelea kutangatanga humo ndani zikiwa na nishati pungufu, ila kwa mtafiti zimeshapotea, kwa sababu habari aliyoitaka ilikuwa ndani ya nishati ziliyoanza nayo.

Tuseme pia nishati ndogo ni kiasi gani. Televisheni za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, zilirusha elektroni kwenye kioo kwa volti elfu ishirini na zaidi, yaani kila elektroni ilipata elektronivolti elfu ishirini na zaidi. Hadubini za elektroni zinazopenya sampuli hutumia volti laki moja hadi laki tatu. Hapa tunazungumzia elektroni za kuanzia elektronivolti elfu mbili kushuka chini, na hasa zile zilizo chini ya 100, ambako ndiko ugomvi uliko.

Ndani ya kitu kigumu elektroni inayosafiri hukutana na mambo mawili. Ikikaribia kiini cha atomi hupindishwa njia, lakini nishati yake hubaki karibu ileile, kwa kuwa kiini ni kizito mno kusukumwa na kitu chepesi namna hiyo. Hasara huja inapokutana na elektroni wenzake. Katika metali, elektroni za nje haziko kila moja na atomi yake. Zinaogelea pamoja, na zikishtuliwa huyumba zote kwa mkupuo mmoja, mbele na nyuma. David Bohm na David Pines waliuandikia nadharia mtikisiko huo mwanzoni mwa miaka ya 1950, nao ukaitwa plazmoni. Kuamsha plazmoni kuna bei maalumu. Mwaka 1959 Cedric Powell na J. B. Swan, wakiwa Chuo Kikuu cha Western Australia mjini Perth, walirusha elektroni kwenye alumini na kuzipokea zilizorudi. Zilikuwa zimepungukiwa kwa mafungu ya aina mbili tu, moja la karibu elektronivolti 15 na jingine la karibu 10, yakijirudia na kuchanganyika. La 15 ni bei ya plazmoni ya ndani ya metali. La 10 ni la plazmoni ya usoni, ambayo Mmarekani Rufus Ritchie alikuwa ameitabiri miaka miwili kabla, mwaka 1957, wakati ambapo wengi hawakuwa tayari kumsadiki.

Sasa fikiria watu wanaokatiza Kariakoo siku ya Jumamosi. Anayepita mbio hakamatwi na wachuuzi. Hadi aitwe, ameshapita. Asiye na senti mfukoni naye hapotezi kitu, maana hata kitu cha bei ya chini kabisa hakiwezi. Anayetokwa na fedha haraka ni yule aliye nazo za kutosha na anayetembea taratibu. Elektroni nazo ndivyo zilivyo. Ile yenye elektronivolti elfu moja inapita kila atomi kwa kasi kubwa, na muda wa kuamsha chochote ni mfupi. Ile yenye elektronivolti tano haiwezi kulipia plazmoni, na zaidi ya hapo, kanuni ya Pauli inaikataza kushuka kwenye nafasi ambazo tayari zimejaa elektroni nyingine. Katikati, kati ya 50 na 100, ndipo panapouma. Ukichora umbali dhidi ya nishati unapata umbo la herufi U iliyolegea: juu upande wa nishati ndogo kabisa, chini kabisa karibu na nusu nanomita, kisha unapanda tena polepole.

Umbali huo mfupi uliwahi kuleta tuzo ya Nobel kabla mtu yeyote hajaupima vizuri. Mwaka 1925, katika maabara za kampuni ya simu ya Bell jijini New York, chupa ya hewa iliyogandamizwa hadi kuwa kimiminika ililipuka karibu na jaribio la Clinton Davisson na Lester Germer. Hewa ikapenya ndani ya chombo cha kioo, na kipande cha nikeli kilichokuwa cha moto kikaoksidika. Ili kukisafisha walikichoma kwa muda mrefu, na joto hilo likageuza chembechembe nyingi za fuwele kuwa fuwele chache kubwa. Jaribio lilipoanzishwa upya, elektroni hazikurudi tena ovyo. Zilipendelea pembe maalumu. Mwaka 1927 wakatangaza matokeo: elektroni za elektronivolti 54 zilikuwa na kilele kwenye nyuzi 50, jambo lisiloelezeka isipokuwa elektroni iwe wimbi. Davisson alipata Nobel mwaka 1937 pamoja na Mwingereza George Paget Thomson. Kisichosemwa sana ni kwamba mawimbi hayo yalirudi kutoka matabaka machache ya juu tu. Kama elektroni za 54 zingepenya mbali, taswira yao ingekuwa nyingine kabisa.

Baada ya hapo fani hii ilisinzia kwa miongo mitatu hivi, na kosa halikuwa la akili bali la hewa. Kama kinachokupa habari ni matabaka mawili au matatu ya juu, basi uchafu wa tabaka moja tu unatosha kukudanganya. Katika ombwe lenye mkandamizo wa sehemu moja ya milioni ya torr, ambalo kwa mtu wa kawaida ni utupu mtupu, gesi iliyobaki inaweza kufunika uso safi kwa tabaka zima la atomi ndani ya sekunde moja hivi. Ukiushusha mkandamizo huo mara elfu kumi zaidi, unapata saa kadhaa za kufanya kazi. Mashine za ombwe kali namna hiyo zilianza kupatikana kwa urahisi miaka ya 1960, na ghafla kila maabara ya fizikia ya nyuso ikawa na swali moja: elektroni zangu zinatoka kina gani?

Njia ya kwanza ya kulijibu ni nzuri kwa jinsi ilivyo wazi. Chukua dhahabu safi. Igonge kwa elektroni au eksirei ili nayo itoe elektroni zenye nishati ijulikanayo. Hesabu ngapi zinatoka. Kisha tandaza fedha juu yake, tabaka moja, mawili, matatu, na kila mara hesabu tena. Zikipungua hadi 37 kwa mia, unene wa fedha uliofikia ndio jibu lako. P. W. Palmberg na T. N. Rhodin wa Chuo Kikuu cha Cornell walitandaza fedha juu ya dhahabu kwa mtindo huo na kuchapisha mwaka 1968. Majibu yao hayakufika nanomita moja. Walitumia elektroni za Auger, zile zinazofukuzwa na atomi inapojaza pengo lake la ndani. Zina jina la Mfaransa Pierre Auger, ingawa Lise Meitner alikuwa ameandika juu ya tukio hilo mwaka 1922, mwaka mmoja kabla yake. Dhuluma hii ndogo imeandikwa mara nyingi, lakini jina halijabadilika.

Kwenye karatasi njia hii haina kasoro. Kwenye chombo, mambo ni mengine. Atomi zinazotua juu ya metali nyingine mara nyingi hazikai sawasawa. Hujikusanya vilima vilima na kuacha nafasi tupu katikati. Wewe umepima uzito wa fedha iliyotua ukapiga hesabu ya matabaka mawili, kumbe nusu ya dhahabu ipo wazi na elektroni zake zinatoka bila kuzuiwa. Jibu lako litakuwa refu kuliko ukweli, na hakuna kitu ndani ya namba zako kitakachokuonya. Kuna pia ile migongano isiyopoteza nishati. Elektroni inayopindishwa mara kadhaa hutembea njia ndefu kuliko unene wa utando, kwa hiyo hufifia mapema kuliko ambavyo hasara peke yake ingeifanya. Unachopima ni mchanganyiko wa mambo mawili. Powell, ambaye kufikia hapo alikuwa Marekani katika taasisi ya taifa ya vipimo na viwango, na Aleksander Jablonski wa Warsaw waliandika kwa miaka mingi wakiwasihi wenzao watenganishe umbali halisi wa hasara na umbali wa kufifia unaoonekana kwenye jaribio. Huko Budapest, György Gergely na wenzake walijenga njia nyingine inayohesabu elektroni zinazorudi bila hasara yoyote na kuzilinganisha na zile za sampuli ya mfano, bila utando wa aina yoyote. Nayo ina tegemeo lake, maana inahitaji hesabu nzito za kompyuta ili isomeke.

Mwaka 1979 M. P. Seah na W. A. Dench, wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza iliyoko Teddington, walikusanya vipimo vilivyotawanyika kwenye majarida na kuviweka pamoja. Mchoro waliouchapisha ni wa kutazamwa kwa makini. Nukta zimetapakaa, kwa nishati ileile nyingine ziko juu ya mstari na nyingine chini yake kwa kiasi kisichofichika. Katikati yake unapita mkunjo laini wa U, na mkunjo huo ndio ulioingia kwenye vitabu vya wanafunzi, mara nyingi nukta zikiwa zimefutwa. Ukajulikana kama mkunjo wa jumla. Kwa haki ya waandishi, wao walitoa fomula tatu tofauti, moja ya elementi, nyingine ya misombo isiyo ya kikaboni na nyingine ya vitu vya kikaboni, nao hawakuficha mtawanyiko. Walioficha ni waliokuja kunakili.

Njia ya nadharia ilikwenda vizuri zaidi. Mwaka 1987 David Penn alionyesha kwamba unaweza kukokotoa umbali wa elektroni kwa kutumia rekodi za namna kitu kinavyofyonza mwanga, kwa sababu fotoni, yaani chembe ya mwanga, na elektroni inayopita zote huyumbisha elektroni za humo ndani, ila kwa namna tofauti. Shigeo Tanuma wa Japani, Powell na Penn wakapiga hesabu hizo kwa makumi ya elementi na misombo, na mwaka 1994 wakazifupisha kuwa fomula inayoitwa kwa herufi za majina yao, TPP-2M. Unachohitaji kujua ni msongamano wa kitu, uzito wa atomi au molekuli zake, idadi ya elektroni zake za nje na pengo lake la nishati. Mafundi wa spektroskopi wanaitumia kila siku. Lakini soma masharti yake: ilitengenezwa kwa ajili ya elektronivolti 50 hadi 2,000. Chini ya 50 hawakuahidi kitu, na ninawasifu kwa hilo kuliko kwa fomula yenyewe.

Chini ya 50 ndiko njia zote za zamani zilikokwama pamoja, na chanzo chake kilikuwa kimoja: elektroni lazima itoke nje ndipo ihesabiwe. Kutoka ni kuvuka uso wa metali, penye plazmoni zake, uchafu wake na kizuizi cha nishati ambacho elektroni dhaifu haikiruki kirahisi. Mwaka 2010 Jay Bourke na Christopher Chantler wa Chuo Kikuu cha Melbourne walichapisha katika Physical Review Letters njia ambayo elektroni haitoki kabisa. Huzaliwa ndani ya shaba na kupotea humohumo, na bado umbali wake unasomeka.

Ufunguo wao ni eksirei. Atomi ya shaba imeshikilia elektroni zake mbili za ndani kabisa kwa elektronivolti zipatazo 8,979. Eksirei yenye nishati pungufu ya hapo haiwezi kuzing'oa. Ikivuka kizingiti hicho, ufyonzaji wa eksirei unaruka ghafla, na nishati iliyozidi inakwenda kwa elektroni iliyong'olewa: eksirei ya 9,029 inazaa elektroni ya 50. Hapo mtafiti ana kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, yaani elektroni yenye nishati anayoichagua yeye kwa kugeuza kitasa, tena katikati ya metali.

Lakini ataionaje? Tukumbuke walichokikuta Davisson na Germer. Elektroni iliyong'olewa husambaa kama wimbi pande zote. Katika shaba kila atomi imezungukwa na jirani 12 walio umbali wa karibu robo ya nanomita, na nyuma yao wapo wengine. Sehemu ya wimbi hugonga majirani hao na kurudi pale ilipoanzia. Kilele kikirudi na kukutana na kilele, atomi hufyonza eksirei zaidi kidogo. Kilele kikikutana na bonde, hufyonza pungufu kidogo. Unapoongeza nishati ya eksirei, urefu wa wimbi la elektroni unabadilika, na ufyonzaji unapanda na kushuka kwa viwimbi vidogo juu ya kizingiti. Ralph Kronig aliviandikia maelezo ya kwanza mapema miaka ya 1930. Mwaka 1971 Dale Sayers, Edward Stern na Farrel Lytle, huyu wa mwisho akiwa mtafiti wa kampuni ya ndege ya Boeing huko Seattle, walionyesha kwamba viwimbi hivyo vinaweza kusomwa kinyumenyume na kutoa umbali kati ya atomi. Tangu hapo ikawa zana ya wanakemia dunia nzima.

Wanakemia walitaka mahali zilipo atomi, basi. Bourke na Chantler walitazama kitu ambacho wanakemia walikuwa wakikichukulia kama kero, yaani jinsi viwimbi vinavyofifia. Wimbi la elektroni iliyopoteza nishati njiani haliwezi tena kurudi na kulingana na wimbi la nyumbani. Mpigo wake umeshaharibika. Kwa hiyo kila elektroni inayolipia plazmoni kati ya kwenda na kurudi inapunguza kimo cha kiwimbi. Kiwimbi kikiwa cha juu, elektroni nyingi zimerudi salama. Kikiwa cha chini, nyingi zimepotea. Bourke na Chantler walikokotoa kwanza spektra, yaani mchoro wa ufyonzaji, ya shaba ambayo elektroni zake hazipotezi chochote, wakaiweka kando ya ile iliyopimwa, kisha wakauliza: ni hasara kiasi gani inayohitajika kwenye kila nishati ili mchoro wa hesabu ulingane na wa maabara?

Swali hilo halijibiki kwa vipimo vya kubahatisha. Atomi zenyewe hutetemeka kwa joto, na mtetemo nao hufifisha viwimbi; lazima utengwe. Pengo lililoachwa na elektroni ndani ya atomi lina maisha mafupi, na ufupi huo pia hutanua na kufifisha viwimbi, lazima utolewe. Kinachobaki baada ya kutoa vyote ni kidogo, na ufyonzaji wenyewe unapaswa kuwa umepimwa kwa usahihi wa hali ya juu, chini ya asilimia moja. Kundi la Chantler lilikuwa limetumia miaka likiboresha upimaji wa namna hiyo kwenye sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali: karatasi za metali za unene tofauti, urekebishaji wa nishati, ukaguzi wa kila chanzo cha kosa kimoja baada ya kingine. Kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na ndiyo iliyowaruhusu wawili hao kukaa mezani na kutoa jibu jipya kutokana na data ambayo ilikusanywa kwa shughuli nyingine.

Jibu lilihusu shaba kati ya elektronivolti chache na zaidi kidogo ya 100. Kwenye nishati ndogo umbali ulikuwa mfupi kuliko mahesabu yaliyokuwepo. Elektroni ambazo nadharia ilizidhania hazina fedha ya kununua chochote, zilikuwa zikinunua. Katika miaka iliyofuata Bourke na Chantler walieleza kwa nini: mahesabu yalizichukulia plazmoni kana kwamba zina bei moja isiyoyumba na maisha yasiyo na mwisho. Plazmoni halisi hufa haraka, na kitu kinachokufa haraka hakiwezi kuwa na nishati moja kamili. Bei yake inatanuka, na upande wa chini wa mtanuko huo elektroni dhaifu zinapata mlango. Mwaka 2015 walichapisha nadharia inayolifanya jambo hilo lijikokotoe lenyewe, na pengo kati ya hesabu na kipimo likapungua.

Pigo jingine kwa mkunjo wa jumla lilitoka Leiden, Uholanzi. Grafini ni tabaka moja tu la atomi za kaboni, na ukiyapanga moja juu ya jingine unaweza kuyahesabu matabaka bila shaka yoyote: moja, mawili, matatu. Lile tatizo la vilima na nafasi tupu linaondoka. Mwaka 2019 Daniël Geelen na wenzake, kati yao Sense Jan van der Molen na Rudolf Tromp, walipitisha elektroni za elektronivolti 0 hadi 25 katika matabaka machache ya grafini na kupima zinazopenya na zinazorudi pia. Kama mkunjo wa jumla ungekuwa kweli, kwenye nishati za chini kabisa umbali ungerefuka sana. Haukurefuka. Ulibaki matabaka machache tu hata mwisho wa chini, na ule wa migongano isiyopoteza nishati ulikuwa ukipanda na kushuka kadiri matabaka yalivyoongezwa. Maelezo yako ndani ya muundo wa grafini yenyewe, katika nishati ambazo elektroni inaruhusiwa au inakatazwa kuwa nazo humo.

Wengine wameamua kuacha rula na kuchukua saa. Huko Garching, Ujerumani, kundi lenye Ferenc Krausz, mmoja wa washindi watatu wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2023, lilipima mwaka 2007 kwamba elektroni za ndani zaidi za tangsteni hutoka zikiwa zimechelewa kama atosekunde 100 nyuma ya zile za nje. Mwaka 2015 watafiti wa hukohuko walitandaza magnesi juu ya tangsteni, tabaka kwa tabaka, wakaona ucheleweshaji ukiongezeka kadiri elektroni zilivyolazimika kuvuka magnesi zaidi. Ni ule mtindo wa Palmberg na Rhodin, ila badala ya kuhesabu waliofika, wanapima saa ya kufika.

Yote haya yana faida gani? Chukua spektroskopi ya fotoelektroni, kazi ya Kai Siegbahn wa Uppsala iliyompa Nobel mwaka 1981. Kwa njia hiyo unajua ni atomi zipi zilizo usoni mwa kitu na zimeungana vipi. Nguvu yake yote inatokana na kwamba elektroni zinatoka nanomita chache za juu tu. Ukikosea umbali huru kwa asilimia 20, unene wa oksidi unaouripoti umekosea kwa asilimia 20.

Au chukua chipu za simu mpya. Michoro yake midogo kabisa huchorwa kwa mwanga wa nanomita 13.5 kwa mashine zinazotengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Fotoni ya mwanga huo ina elektronivolti 92, lakini si yenyewe inayobadilisha kemikali ya kuchorea. Ni elektroni inazozing'oa, zenye elektronivolti 80 na chini ya hapo. Zikitangatanga nanomita chache kutoka mahali fotoni ilipotua, ukingo wa mstari unatiwa ukungu kwa nanomita hizohizo. Mistari ikiwa na upana wa nanomita zisizozidi kumi na kitu, hiyo si hasara ndogo. Na zile zilizo chini ya 50 kati yake ziko palepale kwenye eneo ambalo TPP-2M haikuahidi kitu.

Kwa upande wa tiba jambo ni zito zaidi. Mgonjwa anayepewa mionzi, iwe katika taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam au popote, hupokea fotoni zenye nishati kubwa, lakini kila elektronivolti milioni moja inayoachwa mwilini huzaa makumi ya maelfu ya elektroni dhaifu. Mwaka 2000 kundi la Léon Sanche huko Sherbrooke, Kanada, lilionyesha katika jarida la Science kwamba elektroni za elektronivolti 3 hadi 20 zinaweza kukata nyuzi za DNA, zikiwemo zile ambazo nishati yake haitoshi hata kuing'oa elektroni nyingine. Programu zinazokokotoa madhara ya mionzi ndani ya seli zinahitaji kujua elektroni hizo zinafika wapi kabla ya kuishiwa. DNA ina upana wa nanomita mbili. Kosa la nanomita moja kwenye hesabu ni tofauti kati ya kugonga na kukosa.

Kwa hiyo anayetumia mkunjo wa jumla juu ya elektronivolti mia moja ana kisingizio. Anayeutumia chini ya 50 bila kuutilia shaka hana. Huko kila kitu kinadai kipimo chake, na njia ya Melbourne inaweza kutumika kwa chochote kinachoweza kupimwa ufyonzaji wake wa eksirei kwa usahihi wa kutosha, mradi kuwe na sinkrotroni. Australia inayo mjini Melbourne. Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi lisilo na hata moja. Mpango wa kujenga sinkrotroni ya Afrika ulipata kamati yake katika mkutano wa Grenoble, Ufaransa, mwaka 2015. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inachimba shaba nyingi kuliko nchi nyingine yoyote ya bara hili, na mwanafizikia wa Lubumbashi anayetaka kuipima kwa njia hii bado analazimika kuomba muda wa mashine ng'ambo.